Wakikuuliza: "Unajua kufanya nini?"



Katika nyumba nyingi za miji yetu ya migodi, toka Kipushi mpaka Likasi, toka Fungurume mpaka Kolwezi, kuna bahasha moja iliyowekwa juu ya kabati. Ndani mna diploma, foto ndogo nne, na kopi za barua za kuomba kazi. Mtoto ameandika, amepeleka, amengoja. Miezi inapita. Kisha siku moja telefone inalia: "Uje Jumatatu, saa moja ya asubuhi, juu ya interviu."

Siku ile nyumba yote inasimama. Baba anatafuta rangi ya viatu. Mama anaazima shati kwa jirani. Dada anapiga pasi. Mjomba anasema, "Kwanza tujue ni nani iko kule ndani." Wote wanajisumbua kwa upendo. Lakini kuna neno moja ambalo hakuna anayeliuliza: huyu mtoto ataenda kusema nini?

Juu ya neno hilo ninataka tuongee mwezi huu. Kwa maana vijana wengi hawaangushwi na diploma, wala hawaangushwi na shati. Wanaulizwa swali rahisi kuliko yote, "Unajua kufanya nini?", nao wanajibu, "Kazi yoyote, patron." Wanafikiri hilo ni jibu la unyenyekevu. Lakini katika masikio ya yule anayeuliza, "kazi yoyote" maana yake ni "hakuna kazi hata moja ninayoijua sawasawa."

Zamani jina la baba lilitosha

Wazazi, tusiwacheke watoto. Sisi wenyewe hatukufundishwa jambo hili, kwa sababu zamani haja yake haikuwa kubwa. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1967 Serikali iliikamata, na kisha miaka ikaitwa Gécamines. Wakati ule kampuni ilijenga kambi, shule na hospitali. Mara nyingi mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, kisha akaingia katika kazi ya kampuni. Wakubwa walimjua baba yake, matrikule yake, na nyumba yake. Jina la baba lilikuwa mlango.

Mlango ule ulifungwa. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka, na mwaka 2003 watumikaji 10,655 wa Gécamines waliondoka katika mpango uliolipiwa kwa feza za Banki ya Dunia. Mpango ule uliitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu zinajua yale mapenzi yalikuwa ya namna gani. Upande mwingine, Sheria ya Migodi ya mwaka 2002 ilifungulia njia kampuni za inje. Tenke Fungurume ilianza kutoa shaba mwaka 2009. Kamoa-Kakula ilianza mwaka 2021. Tena, sheria ya mwaka 2017 ilisema kwamba kazi za sutretansi ziwekwe kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Basi leo kijana anaweza kuitwa na kampuni ndogo ambayo hajasikia jina lake hata siku moja: ya kusafirisha watu, ya kupika chakula cha watumikaji, ya kujenga, ya kutengeneza mashini.

Watu hao hawamjui baba yako. Hawajui kama ulikuwa mtoto mwema katika avenyu yenu. Wana dakika ishirini tu, labda nusu saa. Katika dakika zile, yote watakayoyajua juu yako ni yale kinywa chako kitakayowaambia na yale karatasi zako zitakayoonyesha.

Shefu naye ana woga wake

Tunazoea kufikiri kwamba woga ni wa yule anayeulizwa peke yake. Sivyo. Yule anayeuliza naye anaogopa. Kama akiingiza shoferi asiyejua kuendesha, na gari likianguka, saini ni yake. Kama akiingiza mwizi katika magazini, wakubwa watamwita yeye. Basi anatafuta mambo matatu.

La kwanza: Je, mtu huyu anaijua kazi hii, ao anaweza kuijifunza upesi?

La pili: Je, mangaribi atarudi nyumbani mzima, na wenzake nao watarudi wazima?

La tatu: Je, anaweza kutumika pamoja na wengine, mchana na usiku, bila ugomvi na bila ulevi?

Maswali yote utakayosikia ni watoto wa haya matatu. Hata akikuuliza, "Utueleze maisha yako," hataki kujua ulibatizwa mwaka gani wala mjomba wako ni nani. Anatafuta lile la kwanza, la pili na la tatu. Ukijua hivi, hutapotea njiani.

Kamata kaye na kalamu

Siku tatu mbele ya interviu, kama siku zinatosha, keti mahali pa kimya. Kamata kaye. Andika kila kazi uliyoifanya katika maisha yako, ile ya kulipwa na ile isiyolipwa. Kwa kila moja, andika mambo manne:

1. Nilifanya nini kwa mikono yangu mwenyewe?
2. Nilitumia vyombo gani?
3. Ngapi, na kwa muda gani?
4. Shida gani ilitokea, na nilifanya nini?

Jambo la ine ndilo kubwa. Kila mtu anaweza kusema, "Mimi ni fundi wa umeme." Lakini yule anayeweza kusema, "Motere ya pompi ilikuwa inapata moto sana, nilifungua, nikakuta rulema imekufa, nikabadilisha," huyo anaonyesha kwamba amekuwa pale.

Ninasikia mmoja anasema, "Pasta, mimi sijatumikaka hata siku moja. Nitaandika nini?" Tuone. Tuseme dada mmoja anatafuta kazi ya magazinie. Hajaingia katika kampuni hata moja. Lakini mama yake anauza unga sokoni, na yeye ndiye anayeshika kaye ya biashara. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Umetumika wapi kama magazinie?

— Bado sijatumika katika kampuni, Bwana. Lakini kwa miaka mitatu ninashika hesabu ya unga wa mama sokoni. Kila mangaribi ninaandika mifuko iliyoingia, iliyotoka, na iliyobaki. Mifuko ya zamani ninaiweka mbele, ili itoke ya kwanza.

— Na kama hesabu haiko sawa?

— Siandiki namba ya uwongo ili kupatanisha. Mara moja mifuko miwili ilikosekana. Nilirudilia karatasi moja moja, nikakuta muteja alipewa kwa deni na hatukuandika. Toka siku ile, mufuko hautoke bila saini.

Mnaona? Hakujisifu. Hakusema kwamba alitumika mahali ambapo hakutumika. Lakini kazi ya magazinie ni ile ile aliyoieleza: kuhesabu, kupanga, kuandika, na kutokuficha mapungufu. Shefu akisikia hivi, anaandika kitu kwenye karatasi yake.

Na kijana aliyechimba kwa mkono? Wengi wanaficha jambo hilo kwa haya. Lakini miaka miwili katika shimo si miaka miwili ya kulala. Sema hivi: "Nilitumika katika kikundi cha watu sita. Nilijifunza kutazama udongo unaotaka kuanguka, na kuwatosha wenzangu upesi. Ninajua kwamba katika kampuni mambo ya usalama yanafanywa namna ingine, na ninataka kuyajifunza." Jibu hili ni la kweli, tena ni la mtu mwenye akili.

Ukimaliza kuandika, usikariri kama somo la shule. Mtu anayekariri, ukimkata katikati, anapotea. Ufahamu tu hesabu zako na shida zako. Maneno yatakuja yenyewe.

Makaratasi na siku ya mbele

Panga makaratasi kwa utaratibu: CV ya ukurasa mmoja ao mbili, diploma, karte ya kupiga kura, atestasio za mafundisho, atestasio za kazi. Chukua asili na kopi. Usimpe mtu asili yako na kuiacha kwake. Aione, akurudishie, ashike kopi.

Juu ya atestasio ya kazi, wengi hawajui haki yao. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha patron, kazi ikiisha, kumpa mtumikaji karatasi inayosema alitumika kazi gani, toka tarehe gani mpaka tarehe gani. Basi hata kama kontra ilikuwa ya miezi mitatu tu, iombe karatasi hiyo mbele ya kuondoka. Kwa kazi ya kesho, karatasi hiyo itasaidia kuliko barua ndefu ya kujisifu.

Tafuta pia kujua kampuni inafanya nini. Inachimba? Inasafirisha? Inatoa shaba, ao kobalti, ao yote mbili? Uliza jirani anayetumika kule. Haifai mtu aulizwe, "Unajua sisi tunafanya nini?", naye anatazama chini.

Kama hujui mahali, enda siku ya mbele uone mlango mkubwa na uhesabu safari inachukua muda gani. Njia zetu zimejaa makamyo ya migodi. Dakika kumi zinaweza kuwa saa nzima. Ukiambiwa saa moja, uwe pale saa moja kasoro robo. Jina lako likiitwa na haupo, linaitwa la mwingine.

Mavazi: safi, ya kupigwa pasi, ya kufunika mwili vizuri. Haihitaji kuwa mapya, na usikope feza kwa kuyanunua. Yosefu alipotolewa katika kifungo ili asimame mbele ya Farao, alinyolewa na kubadilisha nguo kwanza. Lakini si nguo zile zilizompa kazi. Alikuwa na neno la kusema juu ya chakula cha miaka kumi na nne. Kama unaomba kazi ya mikono, ya ufundi ao ya kuendesha, vaa viatu vya kufunika mguu, maana wanaweza kukupeleka kwenye mashini siku ile ile.

Ndani ya chumba

Bisha, ngoja uitwe, salimu wote, ngoja uambiwe "keti." Funga telefone kabisa, isiwe tu ya kimya. Mtazame anayekuuliza. Kwetu mtoto anafundishwa kutazama chini mbele ya mkubwa, na ni heshima nzuri nyumbani. Lakini kule, mtu anayetazama chini kila mara anaweza kudhaniwa kwamba anaficha kitu. Inua uso kwa upole tu.

Mara nyingi wataongea Kifaransa. Kiswahili chetu ni kizuri, lakini usingoje siku ile kujua kama unaweza kueleza kazi yako kwa Kifaransa. Keti na rafiki, akuulize, umjibu kwa sauti. Kama katika CV umeandika kwamba unajua Kiingereza "vizuri sana," ujue kwamba katika kampuni za inje mtu anaweza kugeuka na kuanza kukiongea pale pale. Andika kile unachokijua.

Kama hukusikia swali, usijibu kwa kubahatisha. Sema, "Samahani, Bwana, naomba urudilie." Hakuna aibu. Mtumikaji anayefanya kama amesikia amri, na hakusikia, ni hatari kubwa katika mugodi, na shefu analijua hilo kuliko wewe.

Maswali mengine yana miiba kidogo. Tuyatazame matatu.

"Sababu gani uliacha kazi ya kwanza?" Sema kweli kwa ufupi: kontra iliisha, kampuni ilipunguza watu, nilirudi kusoma. Kama mliachana vibaya na patron, usimtukane pale. Shefu atafikiri, "Kesho atanitukana mimi vilevile."

"Kitu gani hujui kukifanya vizuri?" Usijibu, "Hakuna." Taja kitu kimoja cha kweli, kisha useme unachofanya juu yake: "Bado ninachelewa kwa ordinatere. Nimeanza kujifunza kila Jumamosi kwa ndugu mmoja."

"Unataka mshahara gani?" Mbele ya kwenda, uliza watu wanaofanya kazi ile wanalipwa namna gani. Taja kiasi cha chini na cha juu, na uwe tayari kusikia. Tena Sheria ya Kazi inatenganisha mshahara na mambo kama matunzo ya daktari na nyumba. Basi ni haki yako kuuliza kwa heshima: "Na matunzo ya jamaa, na safari ya kufika kazini, yamepangwa namna gani?" Mwenye mke na watoto asipouliza hilo, hesabu yake ya nyumbani haitakuwa sawa.

Mwishoni watasema, "Una swali?" Usiseme "hapana." Uliza hata moja: "Mtu anayeanza kazi hii, ni nani atamufundisha katika wiki za kwanza?" Wataona kwamba umekwisha kujiona ndani ya kazi.

Swali la usalama

Juu ya hili ninaomba vijana wanisikilize sana. Katika migodi, swali hili linakuja karibu kila mara, kwa sura nyingi. Kwa mfano: "Mukapo wa tapi umefunga njia ya mawe, na tapi imesimama. Shefu wa ekipe anakuambia uingie upesi uondoe lile jiwe. Utafanya nini?"

Kijana anayetaka kupendeza atajibu, "Nitaingia mara moja, mimi ni mutii." Ameanguka. Jibu la mfundi ni hili: kwanza umeme ukatwe, kisha kila mtu anayeingia aweke kufuli yake yenye jina lake, na ufunguo ukae katika mfuko wake mwenyewe, kisha wajaribu kuwasha, waone kweli mashini haiwake, ndipo mtu aingie. Kama hayo hayakufanywa, anamwambia shefu kwa heshima, "Baba, tukate umeme kwanza," na haingii.

Na dada anayeomba kazi ya labo, mahali wanapotumia asidi ya salfuri kwa kuyeyusha mawe, anaweza kuulizwa, "Ukitaka kupunguza nguvu ya asidi, unamwanga nini ndani ya nini?" Ni asidi ndani ya maji, polepole, si maji ndani ya asidi, kwa maana yatachemka na kuruka kwenye uso. Jambo dogo, lakini macho ya mtu yanakaa ndani yake.

Kama hujui jibu, sema, "Hilo bado sijalifundishwa. Ningeuliza mkubwa mbele ya kugusa." Katika kazi yetu ya migodi, jibu hilo linaheshimiwa. Mtu asiyejua na anayeuliza, anaweza kufundishwa. Mtu asiyejua na anayegusa, anazikwa, na pengine anawazika wengine.

Diploma ya kununua

Hapa ndipo uwongo unapoonyesha bei yake. Kuna watu wanaouza atestasio za uongo: ya kuendesha kamyo kubwa, ya kuunga vyuma, ya umeme. Kijana ananunua, anapita, familia inafanya karamu. Kisha usiku mmoja wanamkabizi gari la tani mingi kwenye njia ya kushuka ndani ya shimo, na chini kuna watu. Wakati ule karatasi haishiki freno.

Ndugu yangu, afazali kusema "sijui" katika chumba chenye kiti na meza. Mahali pale neno hilo linakukosesha kazi moja. Kule chini, kukosa kulisema kunakosesha watoto wa mwenzako baba yao.

Ukitaka karatasi ya kweli, kuna INPP, iliyoundwa mwaka 1964 juu ya kufundisha ufundi. Kuna pia ONEM, iliyoundwa mwaka 2002 juu ya kazi. Enda ujiandikishe kati ya wanaotafuta kazi.

"Nani iko kule ndani?"

Turudi kwa mjomba na swali lake. Nisidanganye mtu: mahali pengine nafasi imekwisha kupewa mtoto wa fulani mbele hujaitwa. Tunalijua, na linauma. Lakini si kila mahali. Kampuni nyingi zinahitaji kweli mtu anayeweza kutumika, kwa sababu mashini ikisimama, feza inapotea. Tena, mtu anayekujua akisema jina lako kwa wakubwa, si zambi. Anatoa ushuhuda juu ya kazi yako. Zambi inaanza pale feza inapoingia.

Basi, wazazi, msiuze kiwanja, msiuze mashini ya kushona, kwa kumpa mtu anayesema, "Lete dolari, kazi ipo." Mara nyingi huyo hana kazi ya kutoa, kisha wiki mbili, telefone yake haipite tena. Na hata kama anayo, mtoto wako ataingia na deni, na kila mwezi atatafutwa matabishi mengine.

Na ninyi binti zetu: interviu inafanywa katika ofisi, mchana. Mtu akikuambia, "Tuonane mangaribi kwa hoteli, tutapanga juu ya kazi yako," hiyo si interviu. Usiende. Mwambie mama ao baba ao mzee wa kanisa unayemwamini. Na sisi wazazi, binti akituambia jambo hilo, tusimuulize, "Ulimuvalia nguo gani?" Tusimame naye. Wengine wananyamaza kwa sababu wanaogopa hasira yetu kuliko wanavyoogopa mtu yule.

Kisha interviu

Kama wamekubali, watakupeleka kwa muganga apime kama mwili unaweza kazi. Usifiche ugonjwa, katika mavumbi na joto utajionyesha. Kisha itakuja kontra. Isome yote mbele ya kuweka saini. Kama hufahamu, omba uende nayo nyumbani uisomewe. Tazama muda wa kujaribiwa: sheria inataka uandikwe, na hauwezi kupita mwezi mmoja kwa mtumikaji asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wengine. Na wewe unayeitwa kibarua wa siku kwa siku, hesabu siku zako katika kaye: ukimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na wakikurudisha kazini mbele miezi ile miwili kuisha, sheria inahesabu kontra yako kuwa isiyo na mwisho uliowekwa. Wengi wanapoteza haki hii kwa kukosa kuandika tarehe.

Kama hawakukubali, usifunge kaye. Mangaribi ile ile, andika maswali yote waliyokuuliza na mahali ulipokwama. Tafuta jibu kwa mtu anayejua. Kijana aliyeulizwa mara tatu na akaandika mara tatu, mara ya ine anaingia akiwa mtu mwingine.

Na kwa wazazi, neno dogo la mwisho. Mtoto akirudi na mikono mitupu, msimpokee na maneno ya, "Mtoto wa fulani yeye alipata." Mpeni chakula kwanza. Kisha baba aseme, "Haya, walikuuliza nini?" Na wiki hii, nyumba iliyo na bahasha juu ya kabati, fanyeni jambo moja: mangaribi, sahani zikiisha kuondolewa, baba akae upande mmoja wa meza kama shefu, mtoto akae upande wa pili, na mama asikilize. Baba aulize, "Unajua kufanya nini?" Na wote wangoje mpaka jibu la kweli litoke, hata kama linachelewa.

Mpaka mwezi ujao, mkae salama.